Laptopu Yangu na Mama wa Chai

Sijui nitapita njia gani Ngombezi hii nisichekwe. Ofisi yetu ya shamba la mkonge ina laptopu moja tu, na mjinga niliyekabidhiwa ni mimi. Kila nikitoka naiacha imelala, na mausi yake isiyo na waya, ile yenye taa nyekundu tumboni, naitia mfukoni asije mtu akaichezea. Kila nikirudi naikuta iko macho, kioo kinawaka, na pembeni kuna kikombe changu cha chai. Nikaamini anayeipekua ni Mama Shemdoe, anayetuletea chai.

Jana asubuhi nilimpa shikamoo kama kawaida. Saa ya chai nikamshitaki kwa meneja. Nikailaza laptopu mezani mbele ya wote, nikaketi, nikasema, "Aape kwamba haigusi!"

Mama wa watu akainua mikono, machozi yanamtoka. Nami nikainuka kwa hasira kumwonyesha mlango. Kioo kikawaka.

"Nani kaigusa?" meneja akauliza.

Mama Shemdoe akanitazama kiunoni, akasema taratibu, "Samahani, mwanangu. Mbona mfukoni mwako kunawaka taa?"