Zoezi la Kutukanwa

Yule mchungaji mzee Mmarekani alipotuomba tumtukane, sisi Wakenya tuliangalia viatu vyetu. Tulikuwa kumi na wawili, katika chumba cha chini cha kanisa letu la Brooklyn Park, huku Marekani, naye ameketi kwenye kiti cha plastiki akisubiri. Ujana wake aliumaliza akiwafundisha wanafunzi weusi kuingia hoteli zisizowataka, wamwagiwe chai ya moto, wapigwe, wasirudishe mkono. Alifungwa jela kwa hilo. Habari ya kumpenda adui, alisema, aliisoma miaka mingi chuoni asiielewe, hadi alipotemewa mate usoni.

Shemasi wetu akajitolea. "Samahani sana, Mzee," akasema kwa Kiingereza, "wewe ni mbwa."

Tulicheka hadi machozi. Mzee hakucheka. Alisema Jumamosi, kwenye maandamano, hakuna atakayetuomba samahani, na atakayeshindwa kutulia mle ndani haandamani.

Hapo nikapata wazo. Binti yangu wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa mmoja wetu mle, alitaka kuandamana mstari wa mbele. Mimi ni muuguzi huko Fridley, mji wa jirani, nimesafisha vidonda vya watu miaka mingi, na vyake sikutaka kuviona. Wiki nzima usingizi ulinipaa. Basi zamu yake ya kutukanwa ilipofika nikasema nitamtukana mimi. Nilitaka ashindwe.

Nikaanza na matusi ya kawaida. Kimya. Nikamsukuma bega. Kimya. Nikatafuta pale ninapopajua mimi tu niliyemzaa. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba nyanya yake alikufa akimpigia simu, naye hakushika kwa sababu anaionea aibu lugha yetu.

Machozi yalimtoka, lakini hakuinuka wala hakunijibu. Mzee, ambaye hakuelewa hata neno moja, akamshika mkono na kusema amefaulu.

Njiani niliendesha gari vibaya, nikapigiwa honi mara mbili. Tuliposimama kwenye taa nyekundu, aliuliza bila kunitazama, "Mum, hiyo story ya nyanya, ulikuwa una-mean?"

"Ilikuwa zoezi tu," nikamwambia. Nilidanganya, na alijua.

Jumamosi nilishinda dirishani kutwa nzima, nikikaa, nikiinuka, nikijichukia. Alirudi jioni, mzima kabisa. Hakuna aliyemgusa. Nikamkumbatia pale mlangoni kwa nguvu zangu zote, naye akanivumilia.