Mbuzi Mashahidi wa Wamaza

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano wala koti jeupe. Nilipewa kiti. Maabara ya mifugo ya Kasongo wakati ule ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, na shefu wa kituo, daktari wa wanyama mwenye sauti ndogo, aliniketisha mbele ya mikroskopi akaniambia, "Faida, leo kazi yako iko kuangalia tu. Usiguse kitu. Ukimaliza, uniambie umeona nini."

Niliinamisha jicho. Mwanzoni niliona kope zangu mwenyewe. Kisha likatulia tone la damu ya panya, chembe zake zimetandazwa kama visahani, na katikati yake kitu chembamba kama uzi, kinajipinda na kusukuma zile chembe huku na huku. Nikaona cha pili. Nikaona cha tano. Tone zima lilikuwa linatikisika.

"Naona nyoka ndogo ndogo, shefu. Ziko zinacheza."

"Hazichezi. Zinatafuta njia," akasema. "Kidudu ya watu na ya nyama za kufuga ziko ndugu. Ya watu inaweza kujificha mu damu ya mbuzi na ya nguruwe, mbung'o anaichukua mule, anairudishia mutu. Ndiyo inaleta malale."

Mjomba wangu alikufa kwa malale nikiwa shule ya msingi. Alianza kusinzia akiwa ameshika kijiko, akaisha akiwa hajui hata mtoto wake ni nani. Nyumbani tulisema amerogwa. Sasa nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha mbao, saa nne asubuhi, namtazama mchawi mwenyewe, na alikuwa hana hata rangi. Sikuondoa jicho mpaka shefu aliponigusa bega.

Ninyi vijana mnaosomea uuguzi wa mifugo hamtajua tulivyokuwa tunamtafuta kimelea huyu. Damu ya mbuzi mgonjwa mara nyingi ina vimelea vichache mno, unaweza kutazama asubuhi nzima usikione hata kimoja. Kwa hiyo tulichukua damu ile tukamdunga panya mweupe tumboni. Panya yule alitulelea vimelea ndani ya mwili wake. Baada ya siku kadhaa tulimtoa tone moja kwenye ncha ya mkia, na jibu lilikuwa pale, wazi. Mbuzi wa kijiji kizima walitibiwa kwa sababu ya panya mmoja. Panya mwenyewe hakutibiwa. Tulimmaliza.

Aliyenifundisha kumshika panya ni Sumaili, muuguzi mkubwa wa kituo, mtu wa familia za Kiislamu za pale mjini. Alinionyesha jinsi ya kubana ngozi ya shingo kwa vidole viwili, bila kuminya koo. Kabla ya kila sindano midomo yake ilitikisika. Siku moja nilimuuliza anasema nini.

"Namuomba Mungu ruhusa," akanijibu. "Hii kiumbe iko amana. Siku ile nitaulizwa: Sumaili, ulikuwa na lazima? Nataka kila siku niwe na jibu."

Muuguzi mwenzetu mwingine alimcheka. Alisema kuku tunawachinja sikukuu bila kuwauliza, sasa panya ana cheo gani? Mabishano yao yalidumu miaka. Mimi nilikuwa katikati, nasafisha vibanda vya panya, nabadilisha maranda, na kila nilipoinama kwenye mikroskopi mshangao wa siku ya kwanza ulirudi ule ule. Panya mdogo kuliko kiganja changu alikuwa anajua jambo ambalo hakuna daktari aliyelijua, na alikuwa anatuambia kwa mwili wake. Sikujua mtu amshukuruje.

Nilitumwa Nyangwe, nikakaa miaka mingi kando ya mto Lualaba nikikagua nguruwe na kutibu mbwa wa wavuvi. Niliporudi Kasongo nilikuwa tayari mama wa watoto watatu, shefu wa kwanza alikuwa amehamishwa, na shefu mpya aliniita ofisini. Alisema Profesa mmoja anakuja kujaribu dawa ya mifugo huko Kabambare, sehemu za Wamaza, na anataka muuguzi anayejua mbuzi.

Kutoka Kasongo mimi na Profesa tulikwenda kwa pikipiki, mikroskopi nimeifunga mgongoni kama mtoto. Vijiji vya kule vilikuwa vimesumbuliwa na malale, watu wametibiwa, wengine wameugua tena. Profesa, mtu mzima aliyekulia Kindu na kusoma ng'ambo, alifikiri mbuzi ndio wanaohifadhi ugonjwa. Ikiwa dawa ingeondoa vimelea kwenye damu yao na kuvizuia visirudi, basi serikali ingeombwa kuileta territoire nzima, yaani wilaya yote. Ikiwa haifai, ingeachwa.

Tulipima mbuzi wa kijiji, tukapata ishirini walioambukizwa wenyewe, porini, bila sisi kuwadunga ugonjwa. Wenye mbuzi walikubali kutuachia kwa siku arobaini. Wengi walikuwa wa Mama Nyota, mjane wa kabila la Wabangubangu ambaye mume wake alikuwa amechukuliwa na malale. Tuliwaweka kwenye mabanda mawili yaliyozungushiwa wavu ili mbung'o wasiingie. Kumi walipata dawa. Kumi hawakupata. Hawa wa pili ndio wanaitwa mashahidi: bila wao huwezi kujua kama aliyepona ameponywa na dawa au amepona mwenyewe. Siku ya arobaini na wao wangetibiwa.

Kazi yangu ilikuwa ya kila asubuhi. Kupima joto. Kuvuta ukope wa chini na kutazama rangi, kwa kuwa mbuzi mwenye damu ana ukope mwekundu, na yule anayeishiwa damu ukope wake unakuwa kama karatasi. Kujaza damu kwenye mrija mwembamba, kuizungusha kwenye mashine, kusoma kiasi cha chembe nyekundu. Kutazama kama anacheua. Mama Nyota alikuja pia, akasimama nje ya wavu.

Mbuzi namba saba alikuwa wake, jike jeusi lenye doa jeupe sikioni, shahidi. Wiki ya tatu aliacha kucheua. Siku mbili baadaye nilimkuta amelala ubavu, shingo imenyooka chini, anapumua kwa tumbo. Nilipomgusa hakugeuka. Mama Nyota akasema nje ya wavu, bila hasira, "Muganga wa nyama, ile dawa iko mu sanduku yako. Naiona. Kwa nini humpatie?"

"Iko kazi ya Profesa, mama. Tunangoja siku ifike."

"Mume wangu pia alingojea," akasema. Akaondoka.

Nilikwenda kwa Profesa. Alikuwa anaandika, aliinua kichwa, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema karatasi aliyoisaini inasema siku arobaini. Mbuzi mmoja hawezi kuharibu kazi ya wote. Nilirudi bandani na kesho yake asubuhi, Profesa akiwa kijiji cha pili, nikafungua sanduku, nikachanganya dawa, nikamdunga namba saba pajani. Kwenye daftari sikuandika kitu.

Siku mbili hakuna kilichotokea. Siku ya tatu nilifika nikamkuta amekunja miguu chini ya kifua, kichwa kimeinuka. Siku ya nne alisimama. Miguu ilitetemeka, akakaa, akasimama tena. Halafu nikaona taya lake linazunguka polepole. Alikuwa anacheua. Nilikuwa nimeona wanyama wengi wakipona, na dawa ile niliijua kwa jina na kwa kipimo. Lakini nilipiga magoti kwenye majani yale yenye mikojo, nikaweka sikio kwenye ubavu wake, nikasikia tumbo linaunguruma na kufanya kazi, na machozi yakanitoka. Mwili uliokuwa umekwisha kuaga ulikuwa umeambiwa urudi, ukarudi.

Wiki iliyofuata tulipima damu. Profesa alisoma namba, akazisoma tena.

"Namba saba haina kimelea," akasema. "Shahidi amejiponyesha. Faida, unaelewa hii? Kama mashahidi wanapona peke yao, sina ruhusa ya kusema dawa ndiyo imeponyesha wale wengine. Nitaandika kwamba bado hatujui. Watu wa mji mkuu wakisoma vile, hawataleta dawa."

Alikuwa haongei kwa hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyesafiri mbali na kukuta mlango umefungwa. Nikatazama nje. Mama Nyota alikuwa anapita na kikapu cha mihogo kichwani, na nyuma yake mbuzi wake waliobaki, na nyuma ya mbuzi wale, kichakani, mbung'o. Nilidhani nimemhurumia mnyama mmoja. Kumbe nilikuwa nimemfanya shahidi aseme uongo, na uongo ule ungekwenda kila kijiji kuanzia hapa mpaka Salamabila.

"Profesa," nikasema, "hakujiponyesha. Ni mimi."

Nilimweleza yote, siku na saa na kipimo. Alifunika kalamu yake. Kisha akauliza, "Ungekuja kuniomba tena, ningekataa?"

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa." Akafungua daftari kwenye ukurasa wa namba saba. "Andika mwenyewe. Uandike kila kitu, halafu usaini."

Niliandika. Nikasaini. Alipomaliza kusoma aliniambia jambo ambalo sikulitegemea. "Sasa niambie. Ulijua namna gani kama alikuwa anakwisha? Mimi nilimuona siku ile ile, niliona tu mbuzi amelala."

Nikamwambia. Anaacha kucheua kwanza. Kisha anajitenga na wenzake. Kisha masikio yanakuwa baridi. Kisha shingo inanyooka, na hapo amebakiza siku moja au mbili. Profesa aliandika neno kwa neno, mtu mwenye vyeti vya ng'ambo, ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, anamwandikia muuguzi. Ndipo akaandika sheria mpya chini ya ile ya zamani: mnyama ambaye hajasimama tangu jua kutoka mpaka saa sita mchana anatibiwa siku ile ile, na anaandikwa kwamba ameanguka.

"Kuanguka kwake ni jibu tayari," akasema taratibu, kama anajieleza mwenyewe. "Shahidi ameshasema. Hakuna lazima afe ndiyo tumusadiki."

Namba saba aliondolewa kwenye hesabu. Mashahidi wengine wawili walianguka kabla ya siku ya arobaini. Tuliwatibu mchana, mbele ya Mama Nyota, na tukawaandika. Mmoja alisimama, mwingine tulikuwa tumechelewa, akafa. Kati ya wale kumi waliopata dawa tangu mwanzo hakuanguka hata mmoja. Profesa aliandika ripoti yake na tukio langu likiwa ndani, halikufichwa. Dawa ililetwa. Nilikuwapo Wamaza siku watu walipopanga mbuzi na nguruwe wao kwenye mstari mrefu, na Mama Nyota alikuwa wa mbele, amemshika kwa kamba namba saba, mbuzi ambaye sasa alikuwa na watoto mapacha.

Kosa langu halikusahauliwa. Shefu wa kituo aliniandikia barua ya onyo, akanitoa kwenye kazi za majaribio, akanituma Salamabila kuchanja mbwa wa wachimba dhahabu dhidi ya kichaa. Sikulalamika, ilikuwa haki. Niliporudishwa maabara, sheria ya Wamaza ilikuwa imebandikwa ukutani kwa mwandiko wa Sumaili, na muuguzi yule aliyekuwa anamcheka ndiye aliyekuwa mkali wa kuifuata.

Nimestaafu. Wanafunzi wanakuja kuniuliza kama ni halali kumfanyia mnyama majaribio. Wanataka nijibu ndiyo au hapana. Nawaambia nimefanya kwa mikono yangu miaka mingi, na Sumaili alifanya akiomba ruhusa kila mara, na sisi wawili hatukupata siku hata moja ambayo ilikuwa jambo dogo. Nawaambia huruma ya kificho niliijaribu, na karibu iangamize vijiji. Nawaambia pia kwamba aliyeandika siku arobaini hakuwa amemtazama mbuzi, na muuguzi ndiye anayemtazama. Basi aseme, na asirudi nyuma akikataliwa mara ya kwanza kama nilivyorudi mimi.

Mwaka uliopita nilianza kupata homa zisizoisha na tezi nyuma ya shingo. Nilizijua tezi zile kabla ya mtu kunipima. Kijana wa hospitali alitazama damu yangu, akaniita, akaniachia kiti chake nijitazamie. Nikawaona, wembamba, wanatafuta njia, safari hii ndani yangu mwenyewe.

Enzi za mjomba wangu dawa ilikuwa sindano iliyochoma mshipa, na baadhi ya wagonjwa iliwaua yenyewe. Mimi nilipewa vidonge. Vya kumeza tu, kila siku, baada ya kula. Kijana aliviweka kiganjani mwangu akangoja nimeze mbele yake, ndivyo utaratibu ulivyo.

"Mama, kuna shida?" akaniuliza. "Unaogopa?"

"Hapana, baba. Niko najua kama hii kitu, kabla ifike mu mukono yangu, kuna panya ilimeza, kuna mbwa ilimeza, kuna moja ilianguka na mutu akaandika. Niache kidogo."

Aliniacha. Akashusha macho yake pia, sijui kwa heshima yangu au kwa heshima yao. Kisha nikameza, nikafungua mdomo aone, akaandika kwenye karatasi kwamba nimemeza.

Nimepona.