Babu yake Kasoki na theluji ya Bastogne

Kasoki wa Butembo huwaogesha vikongwe katika nyumba ya wazee huku ughaibuni, Laeken. Wengi wao watoto wao huja Krismasi tu, naye huwaita papa na maman kama wa kwao. Sikuwahi kumsikia akijisifu, isipokuwa kwa jambo moja: babu yake, Paluku, alibeba mizigo ya jeshi hadi Ethiopia mwaka 1941, majira ya mvua, kupigana na Waitalia.

Kila Jumamosi niliwasimulia watoto wetu habari za vita katika ukumbi wa parokia, Schaerbeek. Siku hizi wazazi wameziachia simu kazi hiyo. Kasoki ndiye aliyekuwa mwitikiaji wangu. Kwao, anayesimulia habari za marehemu huketi na mtu wa ukoo wa marehemu huyo, na kila kipande kikiisha huyo husema, "Njo vile," yaani ndivyo ilivyokuwa. Akinyamaza, msimulizi hurudi nyuma akarekebisha.

Desemba niliwapa Bastogne: mji wa nchi hii uliozingirwa na adui kwenye theluji ya 1944, na jeshi la kusini lililogeuza malori yake kwa siku chache tu, likapanda kaskazini juu ya barafu kwenda kuukomboa. Watoto hawakupepesa macho. Héritier akauliza, "Tonton, na sisi Bakongomani tulikuwa wapi?"

Jibu la kweli nilikuwa nalo, ila halikuwa na theluji. Nikasema, "Paluku, babu ya maman Kasoki, aliendesha lori la kwanza."

Kasoki akanyamaza, akatazama viganja vyake. Ilinipasa kurudi nyuma. Lakini watoto walikuwa wameshachangamka, nikaendelea. Nikamvisha Paluku hata medali.

Januari mjukuu wa Kasoki, Précieuse, akasimama darasani akayasema hayo yote. Mwalimu alimwonyesha kwa upole kitabu kilichosema vingine. Waliomcheka ni wenzake.

Jumamosi iliyofuata Kasoki alinisubiri mlangoni. "Papa Ngoy, mutoto ananiuliza kama koko yangu Paluku alikuwa muongo. Alors, nimujibu nini?"

"Mwambie mwongo ni mimi."

"Non. Utasema weye mwenyewe, mbele ya batoto bote."

Nikasema. Mtu wa miaka sabini na tisa, nimesimama kama mwizi wa kuku.

"Donc, hata médaille?" akauliza Héritier.

"Hata medali."

"Na lori?"

"Hakuwahi kushika usukani."

"Tonton, kumbe weye njo Facebook yetu!" akapiga kelele Dan, na ukumbi ukaangua kicheko. Précieuse peke yake hakucheka.

Nikamwomba Kasoki aketi kando yangu, nisimulie safari ya Paluku kama ilivyokuwa.

"Ya koko nitasema miye," akajibu, akachukua kiti changu. Dan alisogeza koti lake nikaketi kati ya watoto.

Alianza vibaya, akichanganya mito na milima. Kisha akafika kwa watu waliokufa njaa matopeni, na jinsi Paluku alivyobeba viatu vya rafiki yake hadi akakosa wa kumrudishia.

"Theluji ilikuwapo?" Précieuse akauliza.

"Mvua tu, mutoto yangu. Manguo haikukauka."

Habari ya viatu sikuijua. Tangu tufahamiane ni miaka kumi na sita, na sikuwahi kumwuliza.