Oboe ya binti yangu ilipasuka jikoni, mama mkwe akataka kuhama

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Nipo Kaisho, Kyerwa. Haya yametokea nyumbani kwangu na sijaongeza chumvi.

Binti yangu Jesca anapiga muziki kanisani. Mwalimu wao aliona ana pumzi, akamshauri ajifunze oboe.

Kwa wasioijua, ni jamii ya zumari: bomba jembamba lenye vibonyezo, unapuliza kupitia vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja.

Zipo za plastiki na za mbao. Nikasikia za mbao ni mpingo, mti wetu wenyewe. Mhaya na kitu kizuri tena! Nikachukua ya mpingo, mtumba.

Sasa, tunaishi na mama mkwe, Mnyambo wa Rugu. Anampenda Jesca kupita maelezo.

Kumbe Jesca akimaliza mazoezi, bibi anaichukua oboe, anaipaka samli, anaitundika juu ya moshi jikoni. Kwao kibuyu cha maziwa hutunzwa hivyo na kinadumu miaka.

Wiki ya kipaimara, ambayo Jumapili yake Jesca angepiga kanisani, akapuliza. Ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Tukaangalia, ufa huo!

Mama mkwe akatueleza mwenyewe habari ya samli na moshi, akajua ndiyo sababu. Asubuhi nikamkuta amefunga nguo zake.

"Mwanangu, nirudishe Rugu. Nimemharibia mtoto."

Wakuu, mkwe humkemei, na kumbembeleza nako kuna mipaka. Niliumia sana. Nikasema tu, "Mama, subiri Jumapili ipite." Akakubali shingo upande.

Mwalimu akamwazima Jesca oboe ya plastiki. Ndipo akatueleza kwamba mbao haipendi joto la ghafla, hata hizi baridi zetu za asubuhi ukiipuliza haijapata uvuguvugu inaweza kupasuka. Plastiki haina makuu hayo. Na kwa mtoto, tafuta yenye vifuniko kwenye matundu, vidole vidogo visihangaike.

Jumapili bibi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Kabla ya wimbo wao, Jesca akamfuata kule kule.

"Bibi, nishikie hii nifunge kamba za viatu."

Bibi akarudisha mikono nyuma. "Mimi tena?"

"Nani mwingine ananitunzia?"

Akaipokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Jesca akainama.

Mimi nilikuwa kiti cha jirani. Viatu vya mtoto havikuwa na kamba.

Nililia kanisani, sioni aibu kusema. Na Rugu mama hajaenda mpaka leo.

Nilichojifunza: anayeanza apewe ya plastiki, mpingo utamsubiri. Na siku chombo kinapoingia nyumbani, waelekezwe wote namna ya kukitunza, hasa yule anayempenda mtoto kuliko wote.

Mwenye kujua fundi wa kuziba ufa wa mpingo huku Kyerwa, Karagwe au hata Bukoba, aniandikie hapa chini. Mama mkwe ananiuliza kila asubuhi kama mmeshajibu.