Alishuka Mwenyewe, kwa Heshima

Wapo aliowajalia Mungu sauti ya kwaya, na wapo aliowajalia mkono wa kulima. Phanice alijaliwa kutosahau. Umkanyage leo, atakwambia si neno, na chai atakutengea. Lakini ukitoka hapo ujue deni limebaki, na mwenye kulidai ana subira.

Phanice ni mzaliwa wa Suneka, ameolewa Sironga, na riziki yake ni gari la viti saba analoendesha kati ya uwanja wa ndege wa Kisumu na vilima vya Kisii na Nyamira. Habebi kila mtu. Hubeba akina mama wenye watoto wadogo. Ana viti vya watoto vyenye mikanda, chupa ya maji moto, mifuko ya kutapikia, na ndizi mbivu kutoka soko la Daraja Mbili, maana mtoto mwenye ndizi mdomoni halii. Mama akitoka kwenye ndege na mtoto aliyepiga mayowe tangu Nairobi kwa sababu ya masikio, Phanice humpokea mtoto kwanza, begi baadaye. "Kaa, nyonyesha, hatuna haraka," humwambia. Wateja husema mama huyu ana huruma. Huruma anayo, sikatai, lakini kazi hiyo ilizaliwa na hasira.

Ilikuwa hivi. Wakati huo mumewe, Ombati, alikuwa akifanya kazi Mombasa, na Phanice alijifungulia huko mtoto wa kwanza, Bochaberi. Ombati alikataa mkewe apande basi usiku kucha na kichanga, akajibana akamkatia tikiti ya ndege hadi Kisumu. Uwanjani walikuja kumpokea watu wawili: baba mkwe wake, mzee Onyiego, aliyetaka kumwona mjukuu, na Persis, dada yake Ombati, mwenye gari jipya ambalo viti vyake bado vilikuwa na nailoni ya dukani.

Mzee alikaa mbele, akashusha kofia usoni, akalala. Kule juu baridi inapoanza, Bochaberi alicheua maziwa juu ya kiti kile kipya. Persis alipiga breki. Alikifuta kiti kwa kitambaa huku akisonya, na mtoto akaanza kulilia ziwa.

"Nitajifunika leso nimnyonyeshe hapa nyuma," Phanice alisema.

"Na baba yuko mbele? Hujui chinsoni?"

Nani Mgusii asiyejua chinsoni? Ni ile heshima ya wakwe: mkwe na mkwe hawakaribiani, hawaonani wakijistiri, hawaingiliani nyumba. Lakini mzee alikuwa akikoroma na kofia machoni, na leso ilikuwa kubwa ya kutosha kufunika watu wawili.

"Gari ni nyumba," Persis akasema. "Haina mbele wala nyuma. Shuka unyonyeshe hapo kwa kibanda cha mahindi. Nitatuma gari."

Wakamwacha njia panda. Gari halikutumwa. Mvua ya Nyamira, ambayo mchana haiombi ruhusa, ilishuka na kibanda kile kilikuwa na paa la gunia. Lori la ndizi ndilo lililomwokoa, akiwa amemkumbatia mtoto ndani ya blauzi yake mwenyewe. Bochaberi alilazwa kwa homa ya mapafu, na hadi leo, akiwa darasa la sita, baridi ikizidi kifua chake hupiga filimbi.

Haya, hilo lingesameheka. Lisilosameheka ni lililofuata. Mzee alipoamka na kuuliza mke wa mwanawe yuko wapi, Persis alijibu, "Alishuka mwenyewe, kwa heshima. Anakuja nyuma." Neno hilo likawa ndiyo habari ya boma zima. Phanice alipoeleza ukweli, waliona ni mdomo wa mke mgeni, tena dhidi ya Persis aliyemjengea baba yake nyumba ya matofali. Ombati mwenyewe alimwambia aache. Na mzee Onyiego, kila kifua cha Bochaberi kilipombana, alitikisa kichwa: "Mama gani hushuka garini na kichanga kwenye mvua?" Phanice alimeza. Hakutaka pole ya mtu. Alitaka siku moja mzee yule asikie, kwa mdomo wa Persis, kwamba hakushuka mwenyewe.

Alianza kuuza nguo za watoto za mitumba, akanunua gari, akangoja.

Desemba iliyopita ngojangoja yake ilitua Kisumu. Emily, binti ya Persis, alikuwa akija kutoka Doha na mumewe Okemwa, mtoto wao Mose wa miaka miwili, na kichanga wa kike waliyempa jina la marehemu mama yake Persis, Mong'ina. Mzee Onyiego sasa amezeeka sana na alitaka kuona vitukuu. Persis alipanga sherehe Sironga, akashona gauni jeupe lenye nakshi za dhahabu, na akatangaza kanisani kwamba yeye ndiye atakayeshuka garini na mtoto mikononi, amkabidhi baba yake "mama" yake, maana mwenye jina la marehemu huitwa kama marehemu. Alikuwa na gari lake, lakini Emily alikataa: "Mama, sisi na watoto tunataka gari la Anti Phanice. Lina viti vya watoto."

Basi Persis akapanda, na njia nzima kwenda Kisumu akamwita Phanice "dereva". Dereva, punguza. Dereva, funga dirisha, nywele. Phanice aliitikia kila mara.

Watoto walitoka kwenye ndege hoi. Mose masikio yalikuwa yamemuuma, akalia mpaka sauti ikakauka, na hakutaka mtu ila baba yake. Okemwa, kijana aliyelelewa vizuri Nyamira, alimsalimia mama mkwe akiwa mbali, macho chini, akakimbilia kiti cha mbele. Nyuma Mose alifungwa katikati, Emily akampakata Mong'ina upande mmoja, Persis akakaa upande wa pili, nyuma ya kiti cha Okemwa. Viti vya mwisho vililala chini ya masanduku.

"Baba! Baba!" Mose alilia kutoka Ahero mpaka Sondu. Na baba wa watu alikaa mbele shingo ngumu kama mti wa ua, hawezi hata kugeuka, maana nyuma ya kisogo chake kulikuwa na magoti ya mama mkwe. Jasho lilimtoka. Phanice aliliona jasho lile na moyo wake ukacheza. Enyi mlio na roho nzuri, msimlaumu, hamkulowa ninyi.

Walipofika njia panda, penye kibanda cha mahindi, Mose alitapika. Phanice aliegesha gari taratibu.

"Mtoto anataka baba yake," alisema. "Okemwa, rudi nyuma umshike."

Okemwa alitazama mlima wa mbali.

"Huoni? Anaogopa chinsoni," Phanice aliendelea kwa upole mwingi. "Mama Emily, itakuwaje?"

"Nitakaa mbele, yeye aje nyuma," Persis alisema.

"Akutazame kisogo mpaka Sironga? Na huku Emily ananyonyesha, na wewe na mkwe wako mko ndani? Gari ni nyumba, Mama Emily. Haina mbele wala nyuma. Si wewe ulinifunza? Hapa hapa."

Persis alimtazama kwenye kioo. Alikumbuka, Phanice aliona amekumbuka.

"Acha mimi nishuke," Okemwa alisema kwa sauti ndogo. "Nitachukua boda."

"Na huyu anayekulilia abaki na nani?"

Mose akazidi kulia. Angesema nini Persis? Aseme heshima si kitu, mbele ya mkwe aliyekuwa akimheshimu hadi kuloa jasho? Aseme chinsoni huwa na nafasi, kisha aulizwe mbona siku ile haikuwa nayo? Mchimba kisima alikuwa ameingia mwenyewe, na gauni lake jeupe.

"Nitashuka," alisema.

"Nitatuma gari," Phanice alimjibu, na kufuli la mlango likalia.

Huko juu mawingu yalikuwa tayari.

Sironga walipokelewa kwa vigelegele. Okemwa alimbeba Mose aliyelala fofofo begani. Emily miguu ilikuwa imevimba kwa safari, hivyo aliyeshuka na Mong'ina mikononi alikuwa Phanice, na aliyemwonyesha mzee Onyiego kitukuu alikuwa Phanice. Mzee alimtemea mtoto baraka, kisha akauliza, "Persis yuko wapi?"

"Anakuja nyuma, Tata," Phanice alimjibu baba mkwe wake.

Mzee alimtazama kidogo, lakini chakula kilikuwa kimeletwa. Nje, mvua iligonga mabati. Emily alinong'ona, "Anti, gari la mama?" Phanice akasema, "Bado nakula, mwanangu." Akaongeza kipande cha kuku.

Persis alifika kwa boda. Nakshi za dhahabu zilikuwa zimekunjamana, viatu ameshika mkononi, na Okemwa alipomwona katika hali ile alitoka kwa mlango wa nyuma.

"Phanice ameniteremsha barabarani!" alipiga kelele, wageni wote wakisikia. "Ameniacha kwenye mvua! Kasema atatuma gari na hakutuma! Mtu gani anafanya hivyo?"

"Ulishuka mwenyewe, Mama Emily," Phanice alisema. "Kwa heshima."

Mzee Onyiego aliweka kikombe chini.

"Maneno hayo nimewahi kuyasikia," alisema. "Niliyasikia kwako, Persis. Yule aliyekuwa na Bochaberi, alishuka, au ulimteremsha?"

"Baba, hayo ni ya zamani."

"Sijauliza ni ya lini."

Persis aliwatazama wageni, akamtazama Bochaberi aliyesimama na sinia mkononi, akaona hakuna pa kushika.

"Nilimteremsha," alisema.

Mzee alimgeukia Phanice, kwa umbali ule unaostahili mkwe, akainamisha kichwa cheupe. Phanice alingoja ajihisi mwepesi. Alihisi utamu tu, kama aliyelamba asali, na akataka zaidi.

Akapata. Persis alikuja kwenye kiti cha Phanice, aliyekuwa bado amempakata Mong'ina, akanyoosha mikono inayochuruzika maji. "Nipe mama yangu," alisema, na sauti ilimvunjika kwelikweli.

"La, mama," Emily akadakia. "Umeloa. Mtoto atapata baridi kifuani."

Phanice alivuta leso, akamfunika Mong'ina vizuri, akabaki amekaa.