Niliwatoa Netiboli Kuwa Nyongeza

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa, usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma. Nilimtoa mdogo wangu wa damu bure, halafu nikamdanganya usoni.

Nilikuwa fundi wa karakana kwenye shamba moja la ngano la serikali, huko tambarare za Hanang. Kwetu ni Mbulu, upande wa Endagikot, ila kazi ndiyo ilikuwa kule. Mdogo wangu, nitamwita Paulina ingawa si jina lake, nilimwita mwenyewe akapata kibarua cha kushona magunia ghalani. Mimi nikawa katibu wa timu ya mpira wa miguu, yeye kapteni wa netiboli.

Timu hizo mbili hazikupatana. Tuligombea trekta la kubeba wachezaji, tukagombea uwanja, hata chokaa ya kuchora mistari tuligombea. Sisi tulishinda karibu kila mara kwa sababu kamati nzima ilikuwa ya wanaume. Niliona ni kawaida tu.

Mwaka mmoja baada ya mavuno, wakati televisheni ndiyo kwanza zinaanza kuonekana huku Bara, akaja bwana mmoja kutoka Arusha na kamera ya kubeba begani. Alitaka kupiga picha mashindano yetu na mashamba jirani, azioneshe kwenye vibanda vya video, na akibahatika awauzie watu wa televisheni. Alitaka awe peke yake, kamera nyingine isikanyage. Akasema kila timu itaje inachotaka, naye atalipa kwa vifaa.

Paulina akanifuata karakana.

"Kaka, tukienda mmoja mmoja atatuchezea," akasema. "Huyu anazitaka zote mbili. Twende pamoja tuseme neno moja, akikosa moja akose zote."

Nikakubali. Sisi tulitaka jezi seti nzima na njumu. Wao walitaka raba tu. Uwanja wao ulikuwa pembeni ya shamba, wakicheza pekupeku juu ya mabaki ya mabua yaliyokatwa na kombaini, na mabua yale yanachoma kweli. Kila Jumatatu ungewaona ghalani wanachechemea.

Kesho yake, kabla ya kikao cha kukubaliana, yule bwana, aliyekwisha kuyasikia madai yetu, alinikuta peke yangu chini ya trekta.

"Katibu, jezi nitatoa. Njumu siwezi, maana na hawa wa netiboli wananisubiri."

Nilijivuta nje, spana mkononi. Halafu nikasema, "Ukitoa na njumu, netiboli chukua nyongeza."

Nyongeza unaijua. Mama wa sokoni Katesh akishakupimia maharage anakuongezea konzi moja juu ili kesho urudi. Mimi konzi yangu ilikuwa timu nzima ya wanawake. Tukashikana mikono, akajifuta grisi yangu kwenye suruali yake, akaondoka anacheka.

Jioni nikamwambia Paulina yule bwana amegoma kutoa raba, anadai netiboli haina watazamaji.

"Lakini si tulisema akikosa moja akose zote?"

"Nimejaribu. Mwaka huu apige picha tu, mjulikane. Mwakani mtadai."

Aliinamisha kichwa. "Sawa, kaka," akasema. Mimi ni mkubwa wake, angesema nini zaidi?

Mashindano yakaisha. Baada ya muda yule bwana akarudi na televisheni na jenereta, akatuonesha kazi yake kwenye ukumbi wa shamba. Watu walijaa mpaka madirishani. Sisi wa mpira tulionekana tunang'aa na njumu zetu, tunakimbia ovyo. Ilipofika netiboli ukumbi ukalipuka. Paulina anaruka, anadaka, anatupia pete. Watu wakataka irudishwe nyuma, ikarudishwa.

Halafu kamera ikashuka miguuni. Miguu mitupu, imepasuka, kidole gumba cha Paulina kimefungwa kitambaa cha gunia. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Picha ilipokwisha Paulina akasimama. Akamwamkia yule bwana kwa heshima, "Shikamoo mzee," kisha akauliza kwa nini alisema netiboli haina watazamaji.

Yule bwana akashangaa. "Mimi sijasema. Katibu ndiye aliyewatoa nyongeza kwenye njumu. Kaka yako si yule pale?"

Wanawake waligeuka wakanitazama, wakaokota kanga zao, wakatoka mmoja mmoja. Nilitegemea Paulina anitukane. Hakunitukana. Nilikaa pale mpaka jenereta likazimwa, na sikusikia chochote moyoni. Hata leo nikikumbuka ni vilevile, kama mguu uliokufa ganzi.

Netiboli haikuchezwa tena pale. Nguzo ya pete mtu aliing'oa akajengea banda la kuku. Baadaye shamba lenyewe likafa, tukatawanyika. Nilirudi Mbulu, Paulina akaolewa Katesh.

Miaka ikapita. Binti yake akapata mchumba, nami nikaitwa kama mjomba. Mahari ya binti haizungumzwi mjomba akiwa pembeni, kiti chake kipo. Nikavaa koti, nikapanda basi.

Paulina alinipokea mlangoni. "Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Kaka, mezani usikae. Chakula chako kipo."

Alisema taratibu, bila hasira, kisha akarudi jikoni. Mume wake alitazama chini. Nikakaa nje karibu na mafiga, wapishi wakanipisha kidogo. Kwenye kiti changu alikaa jirani yao, mtu ambaye hata si wa ukoo wetu.

Wageni wa upande wa mchumba walipotaja ng'ombe wao wa mahari, yule jirani hakuwajibu. Aliinuka, akatoka nje, akanipita pale nilipokaa na sahani yangu, akaenda jikoni kuwauliza Paulina na binti yake kama wanaridhika. Akarudi ndani. Walipotaja tena, akatoka tena.

Ndugu yangu unayesoma, ukitumwa kuwasemea watu, fanya kama yule jirani. Inuka uende jikoni ukawaulize. Mimi, karakana yangu na ghala lao vilitenganishwa na uwanja mmoja tu, na sikuvuka.