Niliwapikia Pilau Waliokuja Kumchukua Mchezaji Wetu

Bwana Mhariri, nakuomba barua hii uitoe kama ilivyo, ila jina langu libaki kwako. Majina ya humu nimeyabadili yote, na vyuo sivitaji.

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Lindi, nakaa Buguruni na mume wangu na mtoto wetu mmoja. Mume wangu, nimwite Baba Rukia, ni karani katika chuo cha ualimu kilicho huku kwetu nje ya mji. Kwa sababu yake nikaipenda timu ya chuo, nikaipenda kupita kiasi. Sie akina mama tuna chama chetu cha kuishangilia. Tunavaa kanga sare, tunakwenda uwanjani kwa miguu, na mie ndiye ninayeanzisha nyimbo. Watu hucheka kwamba mwanamke mzima anapayuka kwa ajili ya mpira. Wacheke tu. Mie raha yangu ilikuwa pale.

Mwaka jana chuo kilipata senta fowadi hodari, kijana wa miaka ishirini na mbili, mtu wa kusini kama mie. Nimwite Hamisi. Nilimpokea kama ndugu, kila Jumapili akala kwetu. Hapo ndipo alipomwona mdogo wangu wa tumbo moja, Salma, na haukupita muda akatamka kwamba anataka kumposa. Nilifurahi mara mbili: nimepata shemeji, na timu imepata mtu asiyeondoka tena.

Siku moja Baba Rukia akaniambia, "Alhamisi tuna wageni. Wazee wa upande wa Hamisi, wanakuja kwa habari ya posa. Pika cha heshima."

Nikaazima sufuria kubwa kwa jirani yangu Mama Asha, mwenzangu katika chama, naye akaja kunisaidia kuchambua mchele. Wakaja wanaume watatu. Nikawaamkia shikamoo, nikawanawisha mikono, nikawawekea sinia la pilau, nikarudi jikoni nikawaacha wazungumze na mume wangu na Hamisi. Mmoja wao, mwenye kanzu na miwani, alipokuwa anaondoka aliniambia, "Mama, mkono wako hauna mfano." Mie nikajiona nimeshamwoza mdogo wangu.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikuwa sokoni. Siku hizi pale wamefunga kipaza sauti juu ya mlingoti, watu hukusanyika kusikiliza redio. Zamani habari za mpira tulizipata gazetini, tena siku zimeshapita. Sasa hata wachezaji wanasomwa kabla ya mchezo. Nikasikia timu yetu ikisomwa. Hamisi hayumo. Nikadhani anaumwa. Ikasomwa timu ya chuo cha ufundi, wapinzani wetu tuliokuwa tukutane nao kesho yake, na humo ndimo lilimokuwa jina la Hamisi.

Jina peke yake ningelistahimili. Lakini sauti iliyolisoma ilikuwa ya mume wangu. Asubuhi ile aliniaga kwamba anakwenda Temeke kumwona mgonjwa.

Aliporudi sikumpa hata maji ya kunywa. "Baba Rukia, wale niliowapikia walikuwa wazee wa nani?"

Hakukataa. Akasema yule wa miwani ni mwalimu wa chuo cha ufundi, na ndiye anayesaidia habari za michezo redioni. Alikuwa anatafuta msomaji. Akamwahidi mume wangu nafasi hiyo endapo atamshawishi Hamisi ahame chuo.

"Miaka minane nanakili barua za watu," akasema. "Sauti yangu inaozea ofisini. Ningekwambia, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana sikukwambia. Mpira ni mchezo tu, Mama Rukia."

"Na posa ya Salma, nayo ni mchezo?"

Akachukua taulo, akaenda kuoga.

Jumapili nilikwenda uwanjani. Mama Asha alikuwa amekwisha kumwona yule wa miwani amekaa upande wa wapinzani, na amekwisha kuwaambia wenzake alikula kwa nani. Nikaanza wimbo. Hakuna aliyeitikia. Nikaanza tena, sauti yangu ikapanda peke yake mpaka ikanikauka. Hamisi akatufunga bao, na mwanamke mmoja akanigeukia: "Haya, shangilia basi. Si shemeji yako?"

Mchezo ulipokwisha, Hamisi mwenyewe akanifuata. "Shikamoo, dada. Mbona umeninunia? Shemeji aliniambia umeridhia. Na chakula si ulipika mwenyewe? Bila ya hivyo nisingehama."

Sikuweza hata kumkasirikia.

Sasa mtaani Baba Rukia anasifiwa. Watu wanamsimamisha njiani wamshike mkono, eti sauti yake imetuletea heshima Buguruni. Mie ndiye niliyeitwa msaliti, kwamba nimeiuza timu ili mdogo wangu apate mume mwenye chuo kizuri. Salma, ambaye Hamisi bado anataka kumwoa, analia, ananiomba ninyamaze, maana ikijulikana kwamba karani wa chuo ndiye aliyemhamisha mchezaji, mume wangu atafukuzwa kazi, na ndoa yake yeye Salma itaanza kwa ugomvi. Mume wangu haniombi kitu. Anakula, analala, anafanya mazoezi ya kusoma mbele ya kioo. Miaka kumi na mmoja nimelala na mtu huyu, na sikujua kwamba anaweza kunitazama nikichambua mchele, nikiimba kwa furaha ya posa, akanyamaza.

Ijumaa hii baada ya sala chama kinakutana nyumbani kwa Mama Asha, nami nimetakiwa nihudhurie. Wataniuliza swali moja tu: nani aliwaalika wageni wale? Nikimtaja, nitakuwa nimevunja nyumba yangu kwa mkono wangu. Nisipomtaja, nitabeba dhambi ambayo si yangu mpaka nazikwa. Nyie wasomaji wenzangu, hasa mlioolewa, nielekezeni kabla ya Ijumaa: nijibu nini?